Antena mbili, waya mmoja, chaneli zimekwenda wapi?

Dada mmoja wa Laurel, Maryland, ameniandikia swali ambalo ukilitazama juu juu si la muuguzi. Yeye na mumewe wamekata kebo, kwa sababu bili ya mwezi ilikuwa imeanza kufanana na ada ya muhula ya mdogo wake nyumbani. Wakanunua antena ya nje, ile bapa ya kufunga kwenye mlingoti. Ikielekezwa Baltimore wanapata Baltimore, ikigeuzwa Washington wanapata Washington. Shemeji akaona njia ni nyepesi. Akanunua ya pili ya aina ile ile, moja ikatazama kaskazini-mashariki na nyingine kusini-magharibi, kisha akachukua splita, kile kidude cha kugawa waya mmoja kuwa miwili, akakigeuza ili miwili iwe mmoja. Badala ya kuongezeka, chaneli nne walizokuwa nazo zikatoweka: 7 na 9 za Washington, 11 na 13 za Baltimore. Sasa shemeji anapanga kupanda paa tena Jumamosi, akitoka zamu ya usiku, aongeze urefu wa mlingoti. "Mwambie asipande," anaandika dada, "wewe labda atakusikia."

Haya shemeji, nakuja. Nitaanza na antena, kwa sababu ukishaelewa kilichotokea huko juu huenda usione haja ya ngazi kabisa.

Kwanza niwatetee, maana wapo watakaouliza kwa nini wasiridhike na mji mmoja. Laurel iko katikati ya miji hiyo miwili. Watoto wanasoma upande mmoja, kazi iko upande mwingine, na theluji ikianguka unataka habari za barabara unayopita wewe, siyo ya jirani. Halafu Jumapili za msimu wa mpira wao wa Kimarekani, stesheni mbili za mtandao mmoja, moja ya Baltimore na moja ya Washington, zinaweza kuonyesha mechi tofauti saa ile ile. Mwenye nyumba Laurel amepewa bure kitu ambacho mwenzake wa katikati ya jiji hana. Wazee wetu walilijua jambo hili pia. Tanzania Bara ilikaa bila televisheni yake hadi 1994, lakini Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya sabini, na waliokuwa na uwezo Dar es Salaam walikuwa wakielekeza antena baharini wapate TVZ. Kugeuza antena uelekee kwa mwenzako ni desturi yetu ya zamani.

Sasa tuone kwa nini mbili hazikuwa nyingi kuliko moja.

Mnaijua ile simu ya familia ya WhatsApp, Jumapili jioni, watu wawili wamekaa sebule moja na kila mmoja amejiunga kwa simu yake. Mama akisema neno kutoka Tanga, linatoka kwenye simu hii, na kabla halijaisha linatoka kwenye ile. Hakuna anayesikia kitu. Sauti zote mbili ni za mama na zote ni sahihi, tatizo ni kwamba zimefika kwa nyakati mbili tofauti. Mpaka mmoja azime simu yake ndipo mazungumzo yanaendelea.

Antena mbili kwenye waya mmoja ni hivyo hivyo. Antena inayotazama Baltimore haizibi masikio yake kwa Washington. Mgongoni na ubavuni nayo inapokea kidogo. Kwa hiyo kila stesheni inaingia kwenye splita mara mbili, mara moja kwa nguvu kupitia antena yake, na mara nyingine kwa unyonge kupitia ile iliyoipa mgongo. Nakala hizo mbili zimepita njia za urefu tofauti. Mawimbi ya UHF, ambayo stesheni nyingi za Marekani hutumia, yana urefu wa sentimita 50 hadi 64 tu kutoka kilele hadi kilele. Njia moja ikizidi nyingine kwa nusu ya hapo, yaani kama urefu wa rula ya shule, kilele cha wimbi moja kinakutana na bonde la jingine na yanafutana. Zikilingana nguvu, stesheni inakufa. Nakala ya pili ikiwa dhaifu sana, stesheni inaendelea kuishi. Na kwa sababu kila chaneli ina urefu wake wa wimbi, ajali hii inaipata chaneli hii na kuiacha ile iliyo jirani yake, mpaka mtu aseme nyumba ina jini.

Mtaambiwa dawa yake ni kukata nyaya mbili zilingane urefu. Ni kweli kama antena zote mbili zinatazama mnara mmoja na zimepangwa sambamba kwa makusudi ya kuongeza nguvu. Zikitazama pande tofauti, kulingana kwa nyaya kunasaidia kwa bahati tu.

Hasara ya pili haina bahati ndani yake. Splita ikitumika kinyume, hupoteza karibu nusu ya nguvu ya kila antena. Mafundi huandika desibeli 3.5. Stesheni iliyokuwa inakuja vizuri haitajali. Iliyokuwa ukingoni itaanguka. Enzi zile picha ikidhoofika ulikuwa unaona chengachenga, ukagongagonga TV, ukaendelea kutazama mpira kwenye ukungu. Hapa Marekani stesheni kubwa zilizima mitambo ya zamani tarehe 12 Juni 2009, na nyumbani Dar es Salaam ilianza kuzimwa tarehe 31 Desemba 2012, tukaingia kwenye ving'amuzi. Tangu hapo picha ama ipo nzima, ama imegandaganda vipandevipande, ama haipo kabisa. Ukipoteza nusu ya nguvu hutaonywa kwa chenga.

Lakini kwa nini zipotee zile nne na siyo nyingine? Hapa ndipo barua ya dada ilinifurahisha, kwa sababu aliandika namba, na namba zenyewe zinatoa jibu.

Namba unayoiona kwenye TV ni jina tu la stesheni, kama "kitanda cha dirishani" tunavyokiita wodini ilhali kwenye faili kina namba nyingine. WMAR ya Baltimore inajiita 2 lakini inarusha kwenye UHF. WRC ya Washington inajiita 4, nayo iko UHF. Ila WJLA inayojiita 7 na WUSA inayojiita 9 bado zinarusha kwenye VHF, masafa ya zamani ya chini. Kule Baltimore, WBAL inayojiita 11 inarusha kwenye chaneli halisi ya 12, na WJZ inayojiita 13 inarusha kwenye 11, zote za VHF. Maana yake ni kwamba zote nne zilizotoweka ni za VHF, na si kwa bahati.

Mawimbi ya VHF ya juu, chaneli 7 hadi 13, yana urefu wa kama mita 1.4 hadi 1.7. Antena bapa zinazouzwa siku hizi zimetengenezwa kwa ajili ya UHF. Kwenye VHF zinapokea kwa shida, na mbaya zaidi, kwenye VHF hazina mbele wala nyuma: zinasikia pande zote kwa unyonge ule ule. Basi antena zote mbili za shemeji zilikuwa zinapokea 7, 9, 11 na 13 kwa nguvu zinazokaribiana, tena ndogo. Zikakutana kwenye splita, zikafutana, na kilichobaki kikakatwa nusu. Mlingoti mrefu zaidi hautaliondoa hilo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa Laurel, na kwa yeyote aliyekaa katikati ya miji miwili, ni huu: usigawe kazi kwa mwelekeo, igawe kwa masafa. Antena moja ibebe UHF ya pande zote mbili, nyingine ibebe VHF ya pande zote mbili. Inawezekana kwa sababu ya jinsi Laurel ilivyokaa. Minara mikubwa ya Washington iko kaskazini-magharibi ya jiji, kwa hiyo ukiwa Laurel iko kusini-magharibi yako. Ya Baltimore iko kwenye kilima wanachokiita TV Hill, ambako mwaka 1959 stesheni tatu zilisimamisha mnara mmoja wa pamoja, na hiyo iko kaskazini-mashariki yako. Kila upande hauzidi maili 20 hivi, na pande zenyewe zinakaribia kutazamana ana kwa ana.

Kwa UHF, tafuta ile antena yenye vipande vya umbo la kipepeo vilivyopangwa juu na chini, kwa kawaida ikiwa na wavu wa chuma mgongoni. Wavu huo kazi yake ni kuziba nyuma. Uondoe. Bila wavu, antena inasikia mbele na nyuma karibu sawasawa na inakuwa kiziwi ubavuni. Utapunguza nguvu kiasi kwa kila upande, lakini kwa maili 20 unayo ya kutosha. Baadhi ya antena zimetengenezwa hivyo tangu dukani, na maelezo yake husema zinapokea pande mbili.

Kwa VHF unahitaji kitu rahisi mno: fito mbili za chuma zilizolala kwenye mstari mmoja, jumla kama sentimita 75 kutoka ncha hadi ncha, waya ukitokea katikati. Hata yale masikio ya sungura ya kizamani yakilazwa yanafanya kazi hii. Nayo inasikia mbele na nyuma kwa usawa, ila kwenye ncha haisikii. Kwa hiyo ilaze ikiukingama mstari wa miji yako. Kwa Laurel ncha moja itazame kaskazini-magharibi na nyingine kusini-mashariki.

Sasa unaziunganisha. Siyo kwa splita. Dukani kuna kidude kinachofanana na splita lakini matundu yake yameandikwa VHF na UHF. Ndani yake kuna kichujio: tundu la VHF linapitisha VHF peke yake, la UHF vivyo hivyo. Nakala ya pili ya chaneli haipati mlango wa kuingilia, kwa hiyo hakuna cha kufutana, na nguvu inayopotea ni kidogo sana. Katika njia zote za kuunganisha antena mbili kwenye waya mmoja, hii ndiyo ninayoiamini.

Na busta? Hapana, shemeji. Busta inakuza kila kitu kinachoingia, mwangwi na kelele pia. Ukiwa karibu hivi na minara inaweza hata kuizidia TV nguvu ukapoteza zile zilizokuwa nzuri. Busta ni ya aliye mbali, au mwenye waya mrefu, au anayegawa kwa TV nyingi.

Wasomaji wengine minara yenu haitazamani. Aliye na mji mmoja kaskazini na mwingine mashariki, antena ya kusikia mbele na nyuma haitamfaa. Huyo bado anaweza kujaribu splita, ila ajaribu kwa daftari. Funga antena ya kwanza peke yake, tafuta chaneli upya, ziandike zote. Funga ya pili peke yake, andika. Kisha unganisha zote mbili, andika, ulinganishe na orodha mbili za kwanza. Zikiachana kwa mita moja au zaidi kwenye mlingoti, moja juu moja chini, na zote zikiwa zile ndefu zenye mgongo ulioziba vizuri, wakati mwingine inakubali, na ikikubali usiiguse tena. Ikikataa, sogeza moja kidogo, jaribu tena mara mbili tatu, usipoteze wikiendi nzima.

Ikishindikana kabisa, acha kuziunganisha. Kuna swichi ya mkono ya A na B: unabonyeza A unaona mji mmoja, B mwingine, na zikiwa zimezimana vizuri haziingiliani. Kero yake ni kwamba TV nyingi ukitafuta chaneli upya zinafuta orodha ya kwanza. Angalia kwenye menyu kama yako ina sehemu ya kuongeza chaneli bila kufuta. Ukiwa nayo, tafuta kwenye A, badilisha swichi, ongeza za B. Kwa bahati nzuri namba za Baltimore na Washington hazigongani. Njia ninayoipenda zaidi kwa nyumba yenye watoto ni kununua king'amuzi kidogo cha antena, cha kuchomeka kwenye tundu la HDMI. Antena moja inaingia kwenye TV, nyingine kwenye king'amuzi, na watoto wanajua kwamba kwenye rimoti hii kuna Baltimore na kwenye ile kuna Washington. Bibi akija kutembea atajifunza kwa siku moja. Antena ya kuzunguka kwa mota ipo pia, lakini watu wawili wakitaka miji tofauti kwa wakati mmoja mtagombana, na baridi ya Januari haiipendi mota iliyo juu ya paa.

Walioko Uingereza mna raha. Kwa kawaida mnara mmoja wa Freeview unakupa chaneli zote za kitaifa, na antena ya pili ni ya anayetaka habari za mkoa wa pili, kama walio Bristol wanaoweza kuelekeza Wales ng'ambo ya maji. Ila kutazama matangazo ya moja kwa moja kwenu kunahitaji leseni ya TV hata ukiwa na antena ya senti tano.

Sasa paa.

Shemeji, mimi huwaona wanaoanguka kutoka kwenye ngazi wakishafika kitandani. Wengi si wazee, na wengi hawakuanguka kutoka mbali. Ni mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mwenye nguvu zake, aliyekuwa anamalizia kitu kidogo: kukaza skrubu moja, kusogeza waya kidogo kushoto huku mkewe akipiga kelele kutoka sebuleni kama picha imerudi. Alijinyoosha badala ya kushuka na kuisogeza ngazi. Kifundo cha mkono, kisigino, uti wa mgongo. Akiwa mtu wa kazi za kubeba na kusimama, kama wengi wetu hapa, miezi mitatu bila kazi inaweza kula akiba yote na ile ada ya mdogo wetu ikiwemo. Bili ya kebo mliyoikimbia itaonekana sadaka.

Kutoka zamu ya usiku ndiyo sababu nimeandika makala hii wiki hii na siyo mwezi ujao. Mtu aliyekesha anajiona mzima na mikono yake imechelewa. Usipande. Lala kwanza.

Na kwa maili 20 jaribu kwanza mahali pasipo na ngazi. Darini, chini ya paa la mbao na vigae vya lami, mara nyingi panatosha, mradi paa si la bati na hakuna karatasi ya kung'aa ya kuzuia joto iliyotandazwa juu. Roshani au kibaraza cha nyuma pia. Mpangaji asiogope hapo: kanuni ya FCC ya 1996, iliyopanuliwa 1999 kuwafikia wapangaji, inamzuia mwenye nyumba au chama cha wakazi kukukataza antena ya TV kwenye eneo ambalo ni la matumizi yako peke yako, isipokuwa kwa sababu za usalama au majengo ya kihistoria. Paa au ukuta wa pamoja haumo, na kutoboa ukuta wa nje anaweza kukukatalia. Mlingoti ukizidi futi 12 juu ya paa wanaweza kudai kibali.

Kama lazima iwe paani, basi iwe mchana, pakavu, bila upepo, na mtu wa pili chini ameshika ngazi, siyo rimoti. Kila futi 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi uwe futi 1 kutoka ukutani, na ngazi ipite ukingo wa paa kwa futi 3. Tazama nyaya za umeme kabla hujainua chochote: mlingoti ukianguka wote, upande wowote, usiweze kuzifikia. Mlingoti na waya wa antena viunganishwe na ardhi ya nyumba kwa waya wa shaba. Kama hujui ardhi ya nyumba yako iko wapi, hiyo ni kazi ya fundi umeme wa saa moja. Na ikitokea mtu ameanguka akagonga kichwa, naye anatumia dawa za kuzuia damu isigande, apelekwe hospitali hata akisema yuko sawa na anataka chai tu.

Dada, ile antena ya pili bapa, kama risiti ipo na siku za kurudisha hazijapita, irudishe. Kama zimepita, ifungeni dirishani chumbani kwa watoto ikitazama Baltimore, na waya wake usikutane na ule wa sebuleni popote.